Kaseti iliyoandikwa «2/9»: uchambuzi wa mkanda mmoja wa redio ya chuo

Kwenye lebo ya upande A pameandikwa kwa bolpeni: KCR 2/9. Upande B ni mweupe. Hakuna mwaka, hakuna siku ya wiki, hakuna jina la msanii. Ni kaseti ya dakika 90, ya daraja la pili, ile ambayo wengi waliiita kromu. Ganda lake limefungwa kwa skrubu tano, na kipedi cha sufi kinachoubana mkanda kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachousoma mkanda, kimebanduka, kinacheza humo ndani. Ukiitia kwenye deki hivyo ilivyo, sauti inatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi, inayumba, tena inakimbia kidogo.

Kaseti hii ni ya mfano. Tumeipanga ibebe peke yake matatizo ambayo kwa kawaida hutawanyika kwenye boksi zima la viatu lililojaa kaseti za zamani. Redio, kipindi, tarehe za kalenda na kanuni za hesabu ni za kweli, na yeyote mwenye boksi kama hilo anaweza kuzifuata hatua kwa hatua.

KCR ni WKCR, 89.9 FM, redio ya wanafunzi wa Columbia University, New York. Kuanzia Oktoba 1990 hadi 1998, Stretch Armstrong na Bobbito Garcia waliendesha hapo kipindi cha hip-hop usiku wa kuamkia Ijumaa, saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nas, Notorious B.I.G., Wu-Tang Clan na Mobb Deep walipita katika chumba kile wakati majina yao yalikuwa hayajavuka mitaa yao. Februari 1995 Big L na Jay-Z walichana, yaani walirap moja kwa moja, pamoja kwenye kipindi hicho. Albamu ya kwanza ya Big L ilitoka mwezi uliofuata, na ya Jay-Z ilisubiri hadi Juni 1996. Michano ya namna hiyo haikurekodiwa studio. Haikuuzwa dukani. Ipo kwa sababu mtu aliyekuwa macho usiku ule alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja kwenye deki ya nyumbani.

Wala si redio hiyo moja. Kundi la Public Enemy lilichipukia kwenye WBAU ya Adelphi University, Long Island, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jarida la The Source lilianzishwa mwaka 1988 na wanafunzi wa Harvard waliokuwa na kipindi cha rap kwenye redio yao, WHRB. Karibu na Chicago, WNUR ya Northwestern University ilikuwa na saa zake za muziki wa elektroniki. Redio nyingi za vyuo zilikuwa na leseni zisizo za biashara, kwa hiyo hapakuwa na mwenye tangazo wa kununa. Usiku wa manane sheria ya lugha chafu hewani ililegea, na saa hizo hakuna aliyezigombea. Ndiyo maana mambo mapya yalitua hapo kwanza.

Sasa, mtu anapopata boksi la aina hii, jambo la kwanza analolifanya ni kusafisha. Anatia mkanda kwenye kompyuta, anaondoa mvumo wa umeme, anakata maneno ya mtangazaji, anafuta simu za wasikilizaji, anabakiza michano tu na kuipandisha mtandaoni. Hapo ameiua nusu ya thamani ya kaseti. Huo mvumo, zile simu, ile sentensi ya mtangazaji inayotaja jina la kituo, ndiyo mashahidi pekee wa kasi sahihi ya mkanda na wa usiku uliorekodiwa. Ukishavifuta, unabaki na sauti nzuri isiyojulikana ni ya lini.

Ganda kwanza

Kaseti yenye kipedi kilichobanduka isichezwe. Bila kipedi mkanda hauigusi hedi sawasawa, na ndiyo maana sauti inayumba. Dawa yake ni kuuhamishia mkanda kwenye ganda jingine la skrubu lililo zima. Kaseti mpya ya bei rahisi inaweza kukupa ganda hilo, mradi ifunguke kwa bisibisi.

Laza kaseti zote mbili kwenye kitambaa cheupe, upande A juu. Piga picha kabla ya kugusa kitu. Toa skrubu, inua nusu ya juu polepole, na uangalie njia ya mkanda: kutoka kigurudumu cha kushoto, kwenye rola ndogo ya pembeni, mbele ya kipedi, rola ya pili, kigurudumu cha kulia. Hamisha magurudumu mawili pamoja na mkanda wake kwa mara moja, ukiyashika kwa vidole viwili juu ya plastiki. Mkanda wenyewe usiuguse. Zile karatasi mbili nyembamba zinazoteleza juu na chini ya magurudumu lazima zirudi mahali pake, vinginevyo mkanda utakwaruza na kulia. Funga skrubu kwa kukaza kidogo kidogo kwa mpishano, kisha uviringe mara chache kwa kalamu ya Bic kuhakikisha inazunguka bila kukwama.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi. Deki nyingi hutambua daraja la mkanda kwa vishimo vilivyo kwenye mgongo wa ganda. Ukiuhamishia mkanda wa kromu kwenye ganda la kaseti ya kawaida, deki itadhani ni daraja la kwanza na kutumia kipimo chake cha usomaji, mikrosekunde 120 badala ya 70, na sauti nyembamba itapanda kwa desibeli 4 hadi 5. Utadhani umeokoa kaseti ing'aayo kumbe umeipotosha. Tafuta ganda lenye vishimo vilevile, au tumia deki inayokuruhusu kuchagua daraja kwa mkono.

Kama mkanda umekatika, unga kwa utepe maalumu wa kuungia wa milimita 3.8, kwa upande wa nyuma usiogusa hedi. Selotepu ya dukani hutoa gundi baada ya miezi kadhaa, gundi hiyo huhamia tabaka la juu yake na kuushikanisha mkanda. Ukiona unga mweupe kingoni mwa mkanda, huo ni ukungu: vaa barakoa, fanyia kazi nje ya chumba cha deki, na kaseti hiyo isikutane na nyingine hadi imesafishwa. Kaseti zilizokaa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hupata ukungu huu mara nyingi zaidi kuliko zilizokaa kwenye nyumba kavu, kwa sababu ya unyevu wa pwani.

Hedi ya deki na kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda visafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba za masikio. Rola ya mpira isipakwe spiriti hiyo, maana huukausha mpira ukapasuka. Maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni yanatosha, kisha ikauke kabisa.

Blanketi linatoka wapi

Kasoro ya pili, ile sauti iliyofunikwa, karibu kila mara hutokana na mwinamo wa hedi. Mkanda wa kaseti husafiri sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo wimbi la sauti la 15 kHz linachukua mikroni 3 tu za mkanda. Deki iliyorekodi New York ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo sana upande mmoja. Deki yako imeinama upande mwingine. Tofauti isiyoonekana kwa jicho inatosha kulifuta wimbi hilo lote.

Ondoa mfuniko wa mlango wa deki. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye springi, kwa kawaida ndiyo iliyotiwa tone la rangi. Weka alama ya pale ilipo sasa. Cheza sehemu ambayo mtangazaji anaongea, maana herufi «s» na «ch» za mtu anayesema ni kipimo bora kuliko matoazi. Unganisha njia ya kushoto na ya kulia ziwe mono, kisha zungusha skrubu kwa bisibisi ndogo ya saa, robo ya mzunguko au pungufu, hadi «s» zikate vizuri kabisa. Kuunganisha mono kunaleta ukali wa kipimo: hedi ikiwa imeinama, njia mbili zinapishana na kufutana, na sikio linasikia mara moja. Fanya hivi kwa kila kaseti, na rudia unapogeuza upande B, kwa sababu deki zenye kurudi zenyewe ziliinama tofauti kwa kila upande.

Dolby, mfumo wa kupunguza mfoko (ule mlio wa «sss» wa mkanda), inakuja baada ya hapo, kamwe si kabla. Mfumo wa Dolby B husoma nguvu ya sauti nyembamba ili ujue ushushe mfoko kiasi gani. Ukimpa sauti ambayo hedi imeshaifuta, atashusha zaidi na kuongeza blanketi la pili. Lebo yetu haina alama ya Dolby. Cheza mara mbili, ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, na usikilize kimya kifupi cha mtangazaji anapovuta pumzi. Mfoko ukiwa unapanda na kushuka pamoja na maneno wakati Dolby imewashwa, mkanda haukurekodiwa nayo. Ukibaki na shaka, hamisha mara mbili na uhifadhi zote mbili. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko kuuchezesha tena mkanda wa mikroni 12.

Kuhamisha kwenyewe ni jambo fupi. Faili ya WAV, biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde kama una nafasi, au 48,000. Kwa 96,000 kaseti ya dakika 90 hula gigabaiti 3.2 hivi, kwa kuwa kila upande huwa na dakika 46 au zaidi. Kilele kisivuke desibeli −6, maana mchanaji akisogelea maikrofoni ghafla hutarudishiwa kilichokatika. Hakuna kusafisha, hakuna kukata. Faili hii ndiyo mama, na kila utakachofanya baadaye kitafanywa kwenye nakala.

Rula iliyofichwa ndani ya mvumo

Kaseti inakimbia. Kwa kiasi gani? Wengi huchukua santuri ya wimbo uliopigwa, wakalinganisha. Usifanye hivyo. Mashine ya santuri iliyokuwa kwenye karibu kila studio ya kipindi kama hiki, Technics SL-1200, ina kitelezi kinachobadilisha kasi hadi asilimia 8 juu au chini, na DJ anakigusa usiku kucha. Mdundo aliochania mgeni huenda ulipunguzwa kasi makusudi ili apate nafasi ya kupumua. Ukirekebisha kaseti hadi ilingane na santuri, umefuta kazi ya DJ na kuibadili sauti ya mchanaji.

Kipimo cha kweli ni umeme. Gridi ya Marekani ni 60 Hz, na imetulia sana. Waya wa ardhi wa mashine ya santuri ukiwa haujakaa vizuri, au redio ya nyumbani ikiwa na kichujio kilichochoka, mvumo huo unaingia kwenye mkanda usiku uleule. Tafuta sekunde kumi za utulivu: mtangazaji ameacha maikrofoni wazi, santuri imeisha. Fungua picha ya masafa kwenye programu ya sauti, chagua dirisha kubwa kabisa. Usipime 60 yenyewe, kwani kosa dogo halionekani hapo. Pima 180, mara tatu yake. Kwenye kaseti yetu kilele kiko 182.7. Gawa 182.7 kwa 180, unapata 1.015: mkanda unachezwa kwa kasi ya asilimia 1.5 zaidi ya ilivyopaswa. Nakala ya kusikiliza ipunguzwe hadi 0.985 ya kasi yake, kwa kitendo kinachobadili kasi na kimo cha sauti pamoja. Kile kinachobakiza kimo na kunyoosha muda kinachakachua.

Anayefanya kazi hii Afrika Mashariki ana bahati ambayo mwenzake wa New York hana. Deki yake ya hapa huongeza mvumo wa 50 Hz, na wa mkanda ni wa 60. Viwili hivi havichanganyiki. 50, 100 na 150 ni vya deki yako. 60, 120 na 180 ni vya usiku ule. Epuka 300 tu, kwa sababu hapo vyote viwili hukutana, mara sita ya 50 na mara tano ya 60.

Pima mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho wa upande. Deki iliyochoka huvuta kwa nguvu tofauti gurudumu linapojaa, na namba moja haitoshi kwa dakika 46.

Kama mkanda hauna mvumo wowote, sikiliza simu. Redio za vyuo zilipokea wasikilizaji hewani, na mpigaji akikata ghafla mlio wa laini ya Marekani unasikika: 350 na 440 Hz kwa pamoja. Simu iliyo bize ni 480 na 620. Na kama usiku ule kituo kilifanya jaribio la mfumo wa dharura, mlio wake ni 853 na 960. Namba hizi zimewekwa kwa kanuni, wala hazijali DJ alitelezesha nini. Ndiyo maana yule anayekata simu za wasikilizaji «kwa kuwa zinachosha» anatupa rula.

2/9 ni lini?

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo makosa huzaliana, kwa kuwa tarehe mbaya ikishapandishwa mtandaoni hunakiliwa na kila mtu.

Msomaji wa Tanzania au Kenya akiona 2/9 anasoma tarehe mbili Septemba. Akiangalia kalenda ya miaka ya kipindi, atakuta tarehe 2 Septemba 1993 ilikuwa Alhamisi. Inaingia vizuri kabisa. Na ni mtego mtupu, kwa sababu Mmarekani huandika mwezi kwanza: 2/9 ni Februari 9.

Februari 9 nayo ina majibu mawili. Kipindi kiliitwa cha Alhamisi usiku, lakini kikianza saa saba usiku kalenda imeshageuka kuwa Ijumaa. Aliyetia kaseti kwenye deki kabla ya kulala huandika tarehe ya Alhamisi. Aliyeandika lebo asubuhi huandika ya Ijumaa. Kati ya 1990 na 1998, Februari 9 ilikuwa Alhamisi mara moja tu, mwaka 1995. Ilikuwa Ijumaa mwaka 1990, kabla kipindi hakijaanza, na tena mwaka 1996. Kwa hiyo kaseti yetu ni ya 1995 au 1996, kutegemea tabia ya mwenye bolpeni.

Kiswahili kinatusaidia pale Kiingereza kinapotatiza. «Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa» hauna pa kuchanganya, na kumbukumbu za kila kaseti ziandikwe hivyo, kwa tarehe zote mbili. Ukiandika tarehe moja, andika pia umechagua ya upande gani wa saa sita usiku, la sivyo mwenye kaseti nyingine ya usiku huohuo atadhani ana kipindi tofauti.

Kuchagua kati ya 1995 na 1996, rudi kwenye maneno ya mtangazaji. Anachokisema kuhusu santuri kina mpaka. Kama anaitaja albamu ya pili ya Mobb Deep kama kitu kinachosubiriwa, hatuwezi kuwa Februari 1996, kwa kuwa ilitoka Aprili 1995. Kwenye kaseti yetu ya mfano ndivyo anavyosema, na kesi inafungwa. Lakini tumia kigezo hiki upande mmoja tu. Wimbo kupigwa hakumaanishi umeshatoka: vituo hivi vilipewa santuri za majaribio wiki na hata miezi kabla ya duka, na huo ndio uliokuwa utamu wake. Wimbo unaopigwa hausemi «baada ya tarehe fulani». Wimbo unaosemwa «unakuja» ndio unaosema «kabla». Watu huchanganya haya mawili na kuzisogeza kaseti mbele kwa mwaka mzima.

Mashahidi wengine: theluji na shule kufungwa, matokeo ya mpira wa kikapu, shoo zinazotangazwa «Jumamosi hii», tiketi zinazogawiwa. Ganda la kaseti nalo lina muundo unaobadilika miaka ikienda, lakini linakupa «si kabla ya» tu, kwa kuwa kaseti tupu inaweza kulala kabatini miaka miwili.

Saa ndani ya usiku

Usiku mmoja wa saa nne hauingii kwenye kaseti moja ya dakika 90. Ni saa zipi tulizo nazo? Sheria ya Marekani inakitaka kituo kitaje herufi zake na mji wake kila saa, karibu iwezekanavyo na mwanzo wa saa. Tafuta pale mtangazaji anaposema jina la kituo na New York katika pumzi moja.

Upande A unaanza, na tangazo hilo linasikika dakika ya 12 sekunde 40. Upande huo una dakika 46 na sekunde 30, kwa hiyo baada ya tangazo imebaki 33:50. Upande B linasikika tena dakika ya 24:40. Jumla kati ya matangazo mawili ni 58:30 kwa kasi isiyorekebishwa. Zidisha kwa 1.015: dakika 59 na sekunde 23. Saa kamili inahitaji 60, kwa hiyo pengo la kugeuza kaseti ni kama nusu dakika. Watangazaji hawatangazi kwa sekunde kamili, wanachelewa dakika moja au mbili. Hata hivyo tunajua mrekodi alikuwa macho. Jumla ingekuwa dakika 41, tungejua alisinzia na robo saa na zaidi imepotea, na tusingethubutu kuunganisha pande mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Ni saa ipi? Baada ya tangazo la upande B mpigaji simu anaambiwa kwamba zimebaki saa mbili. Kipindi kinaisha saa kumi na moja alfajiri. Basi ilikuwa saa tisa usiku, na tangazo la upande A lilikuwa la saa nane. Upande A ulianza kama saa saba na dakika 47.

Pengo la nusu dakika huweza kuzibwa ikipatikana kaseti ya msikilizaji mwingine wa usiku huohuo. Rekebisha kasi ya kila moja kivyake kwa mvumo wake, kisha zilinganishe kwenye konsonanti moja kali, neno lenye «t» au «k», kabla na baada ya pengo. Zikipishana zaidi ya sehemu ndogo ya sekunde kwa dakika kumi, kipimo cha kasi cha mojawapo si sahihi, rudi ukapime. Mshono uwekwe kwenye maneno ya mtangazaji, usiwekwe katikati ya mistari ya mchanaji, na uandikwe: dakika gani, kutoka kaseti ipi.

Kuhusu mfoko wa FM, kuna dawa rahisi ambayo watu huiruka wakikimbilia programu za kupunguza kelele. Kituo kikifika dhaifu, mfoko wa stirio hukaa zaidi kwenye tofauti kati ya njia mbili. Ukiziunganisha kuwa mono, mfoko mwingi hujifuta wenyewe bila kugusa sauti ya mtu, na michano yenyewe mara nyingi ilikuwa mono tangu maikrofoni. Kinachobaki bila dawa ni ule mkwaruzo wa «s» unaotokana na mawimbi kugonga majengo marefu na kufika mara mbili kwenye antena. Huo uache.

Mikanda ya elektroniki

Kwenye boksi lilelile huenda kukawa na usiku wa house au tekno, na njia nyingi zilizotangulia hazitoshi. DJ haongei kwa saa nzima. Santuri mbili huchezwa kwa pamoja dakika nzima au zaidi. Nyingi ni za lebo nyeupe zisizo na jina. Hapa mvumo wa umeme una thamani maradufu, kwa kuwa ndio shahidi pekee. Tafuta ile sekunde chache mwanzoni au mwishoni ambapo kituo kinakabidhiwa zamu.

Programu za simu za kutambua nyimbo hushindwa kwa sababu ya kitelezi. Sahihisha kwanza kasi ya mkanda, kisha kata sehemu ya sekunde 20 ambayo santuri moja iko peke yake, na uijaribu kwa hatua za asilimia moja kutoka −8 hadi +8. Ikijibu kwenye −4, umejua wimbo, na umejua DJ aliupandisha karibu asilimia 4. Andika vyote viwili. Usiijaribu sehemu ya mchanganyiko, itakupa jibu la santuri moja na kuificha ya pili. Redio nyingi za vyuo zilipeleka orodha za nyimbo zao kwenye jarida la CMJ, lililochapisha chati za hip-hop na za elektroniki pia; orodha ya kituo husika hubana muda wa kutafuta kutoka mwaka hadi wiki chache.

Kuhifadhi na kutoa

Faili mama iwekwe mahali patatu, kimoja nje ya nyumba, na namba yake ya uhakiki ya SHA-256 iandikwe kando ili ujue miaka kumi baadaye kama imebadilika hata biti moja. Kaseti yenyewe irudishwe mwanzo kwa kuchezwa, si kwa kasi, isimame wima kwenye kasha lake, mbali na spika. Ganda la zamani lihifadhiwe pamoja nayo, maana lebo ya bolpeni iko pale.

Kabla ya kupandisha chochote, nakala iende kwa waliokuwa chumbani: watangazaji kwanza, na msanii aliyechana kama anapatikana. Mchano wa moja kwa moja ni kazi ya aliyeuchana, na mara nyingi watangazaji ndio wenye kumbukumbu ya kusahihisha jina mliloandika vibaya. Wengine watakataa sehemu fulani isitoke, na wana haki hiyo. Faili ya umma iwe na kipindi kizima, na maneno yote na simu zote, si vipande vya michano pekee.

Kadi ya kaseti yetu, basi, inasomeka hivi: WKCR 89.9 FM, New York. Usiku wa Alhamisi 9 kuamkia Ijumaa 10 Februari 1995, takriban saa 7:47 hadi 9:22 usiku. Lebo asili: «KCR 2/9». Mwaka umetokana na maneno ya mtangazaji kuhusu albamu ambayo haijatoka. Kasi imepunguzwa hadi 0.985 kwa mvumo wa 180 Hz, umepimwa mara tatu kila upande. Ganda limebadilishwa, la awali lipo. Pengo la nusu dakika kati ya A na B, halijazibwa.